Sauti inayotangulia chanjo

Chanjo ya surua hufika vijijini Kasongo na Kabambare ndani ya sanduku la baridi lililofungwa nyuma ya pikipiki, kwenye njia ambazo mvua huzigeuza tope. Habari za chanjo hiyo hufika kwa simu, na aghalabu ndizo zinazotangulia. Mama anayempeleka mtoto kituo cha afya, au anayemficha chumbani, ameshasikia jambo kabla muuguzi hajafungua sanduku. Kwa hiyo namna simu zinavyowaunganisha watu wa kusini mwa jimbo la Maniema ni suala la afya, kama yalivyo maji safi na chandarua.

Chukua mfano wa ujumbe mmoja wa sauti, wa sekunde hamsini hivi. Mwanamke anaongea, jogoo anawika nyuma yake. Anasema watoto wawili wamezimia baada ya sindano "hapa kwetu". Hataji kijiji wala siku. Aliyeupokea anautia katika kundi la ukoo, mpwa wake anaupeleka kwenye kundi la kwaya, mwingine kwa waendesha pikipiki, mwingine kwa wachimbaji wa dhahabu wa Salamabila. Pasipo na mtandao, unahama kwa kadi ya kumbukumbu ya simu kutoka mkono hadi mkono. Ifikapo jioni, "hapa kwetu" imekuwa Kasongo, Kabambare na Kindu kwa wakati mmoja.

WhatsApp humwonyesha msikilizaji kwamba ujumbe umesambazwa, lakini haimwonyeshi ulianza kwa nani. Anachokiona ni jina la shangazi yake aliyeutuma. Basi imani aliyo nayo kwa shangazi inahamia kwa mwanamke asiyemjua kabisa. Hilo halitokani na ujinga wa msikilizaji. Chombo kimeundwa hivyo.

Mwaka 2018 Soroush Vosoughi, Deb Roy na Sinan Aral wa chuo cha MIT, Marekani, walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa habari zipatazo 126,000 zilizosambazwa Twitter na watu wapatao milioni 3, kati ya 2006 na 2017. Habari ya uongo ilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi kwa asilimia 70 wa kusambazwa kuliko ya kweli, na ya kweli ilichukua muda mara sita zaidi kuwafikia watu 1,500. Waliotazamia kuzilaumu programu zinazotuma ujumbe zenyewe walikuta kwamba binadamu ndio waliousambaza uongo kuliko ukweli, kwa kuwa uongo huwa mpya na hushangaza.

Lakini Twitter ya wakati huo ilikuwa uwanja wa wazi. Mtafiti aliweza kukaa pembeni akahesabu. WhatsApp imefungwa kwa usimbaji tangu 2016, hata kampuni yenyewe haisomi ujumbe. Ongeza kwamba mazungumzo yetu mengi ni ya sauti, kwa Kiswahili cha huku kinachochanganyika na Kifaransa na lugha za nyumbani. Matokeo yake, sehemu kubwa ya tunachoambiwa kuhusu jamii za mtandaoni imechunguzwa mahali ambapo kuchunguza ni rahisi. Naliona hilo kuwa pengo zito, kwa sababu hatari ya kiafya ni kubwa zaidi huku kuliko huko. Mwaka 2019 surua iliua watu zaidi ya 6,000 katika Kongo yetu, wengi wao watoto wadogo.

Ushahidi wa karibu nasi unatoka Kivu Kaskazini. Septemba 2018, Ebola ikiwa imepamba moto, timu ya mtafiti Patrick Vinck iliwahoji watu wazima 961 mjini Beni na Butembo. Mmoja kati ya wanne hakuamini kwamba Ebola ipo. Waliokuwa na imani na viongozi wa mahali hapo hawakufika hata theluthi moja, na wasiowaamini ndio waliositasita zaidi kupokea chanjo. Uvumi, basi, ulikuta nafasi iliyokuwa wazi tayari. Na tarehe 31 Desemba mwaka huohuo, baada ya uchaguzi, serikali ilizima intaneti nchini kwa takriban wiki tatu, Ebola ikiendelea kuua. Sijui mtu anayeweza kusema kwamba hatua hiyo iliongeza imani.

Ndiyo maana siwaungi mkono wanaotaka makundi haya yafungwe. Kwa familia za Kabambare zilizokimbia vita na kutawanyika, kundi la simu ndicho kijiji kilichobaki. Humo hutangazwa msiba, na michango ya mazishi hupita kwa pesa ya simu kabla ya jua kuzama. Humo huulizwa kama barabara ni salama leo, kama dawa zimefika, nani ana damu ya kumwongezea mgonjwa. Kundi lenyewe ndilo linalompeleka mama mjamzito hospitali kwa wakati.

Wazee wanaikumbuka foni, ile redio ya mawimbi ya misheni na ya wafanyabiashara, kabla ya minara ya simu kusimama. Ulikaa chumbani na wenzako, na kila mtu alisikia nani anaongea na yuko wapi. Mwenye shaka aliuliza palepale. Siri haikuwepo, na hilo lilikuwa na maumivu yake, ila mwenye neno alijulikana.

Vyombo vya leo navyo vinaweza kurekebishwa. Mwaka 2019 WhatsApp ilipunguza hadi tano idadi ya mazungumzo ambayo mtu anaweza kuyasambazia ujumbe kwa mkupuo, na Aprili 2020 ikaweka moja tu kwa ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi. Kampuni ilieleza kwamba usambazaji wa ujumbe wa aina hiyo ulishuka kwa asilimia 70. Kuongeza hatua moja ya kidole kulitosha kumpa mtu nafasi ya kufikiri.

Kasongo inajua sayansi ya uvumilivu. Katika miaka ya 1970 wauguzi, madaktari na watafiti wa hapa na wa taasisi ya tiba ya Antwerp, Ubelgiji, walifuatilia watoto wa miezi 7 hadi 35, waliochanjwa surua na wasiochanjwa, na mwaka 1981 jarida la Lancet likachapisha matokeo yao. Walikuta waliochanjwa wamekufa wachache, wakauliza pia kama faida hiyo inadumu. Swali hilo liliwasha mjadala duniani kote, na tafiti zilizofuata zikathibitisha kwamba chanjo huokoa maisha. Kazi kama hiyo inahitajika leo juu ya simu: kukaa na watu, kwa ridhaa yao, na kuuliza ujumbe gani ulifika, kwa mkono wa nani, na mtoto alipelekwa au hakupelekwa. Chuo Kikuu cha Kindu na maeneo ya afya 18 ya Maniema vinaweza kuianza bila kumsubiri mgeni.

Wakati huohuo, reko, yaani wahamasishaji wa afya wa jamii, na wauguzi waingie katika makundi ya mitaa yao na kujibu kwa sauti zao wenyewe, wakitaja jina, kituo na tarehe. Nawe msomaji, ukipokea sauti ya kutisha isiyo na kijiji wala siku, mpigie aliyekutumia umuulize kabla hujaipeleka mbele. Chanjo ya surua huanza mtoto akitimiza miezi 9, katika kituo cha afya, bila malipo.