Chumba kinachotazama bahari

Katika hoteli nyingi za pwani, chumba kinachotazama bahari hutozwa bei ya juu kuliko kile kinachotazama barabara, na ndicho kinachochakaa kwanza. Upepo unaomfanya mgeni afungue mlango wa roshani jioni ndio huohuo unaobeba chumvi inayokula bawaba za mlango. Hoteli kongwe za Tanzania zilizo ukingoni mwa Bahari ya Hindi zimeishi na jambo hilo kwa zaidi ya karne moja. Habari zake zinamhusu hata mkazi wa Songea, ambaye huiona bahari baada ya kilomita zipatazo 950 za basi kupitia Njombe, Makambako na Iringa hadi Dar es Salaam, au kwa kushika njia ya Tunduru na Masasi kwenda Mtwara. Mtu aliyekaa kitini siku nzima hafiki pwani kutafuta dirisha la kutazama ukuta.

Mojawapo ya hoteli za mwanzo zilizojipatia jina jijini Dar es Salaam ni Kaiserhof, iliyofunguliwa mwaka 1906 wakati wa Wajerumani, jirani na kanisa la Kilutheri la Azania Front na hatua chache kutoka bandarini. Mwaka huohuo, tarehe 27 Februari, utawala huohuo uliwanyonga mjini Songea viongozi na wapiganaji zaidi ya 60 wa Vita vya Majimaji, ambao hukumbukwa kila Februari kwenye Makumbusho ya Majimaji. Vitabu vya watalii haviziweki tarehe hizo mbili pamoja, ingawa zinastahili kusomwa pamoja: maofisa waliokunywa bia barazani wakitazama meli waliitumikia serikali iliyokuwa ikichoma maghala ya chakula Ungoni. Waingereza waliuteka mji wa Dar es Salaam Septemba 1916, na katika zama zao hoteli ikaitwa New Africa.

Kwa jina hilo ndipo ilipojulikana zaidi. FRELIMO, harakati ya ukombozi wa Msumbiji, ilikuwa imeundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliweka makao yake mjini humo mwaka uliofuata. Baraza ya New Africa ikawa kijiwe cha waandishi wa habari, wanadiplomasia na wapigania uhuru, na bila shaka cha watu waliolipwa kuwasikiliza. Jengo la Kijerumani halipo tena. Lilibomolewa, na mahali pake pana jengo refu la kisasa lenye jina lilelile.

Hoteli ya Kilimanjaro, iliyofunguliwa mwaka 1965 kando ya Barabara ya Kivukoni, ni mtoto wa uhuru. Ilisanifiwa na wasanifu wa Kiisraeli wa kampuni ya Zevet, wakati Israel ilipokuwa na miradi mingi nchini, kabla uhusiano haujavunjwa mwaka 1973. Serikali changa ilihitaji mahali pa kulaza wageni wa taifa pasipo harufu ya ukoloni, na ghorofa lile la zege na vioo lilikidhi haja hiyo. Kutoka vyumba vya mbele mgeni aliona mlango wa bandari, meli zikipita karibu kiasi cha kusomeka majina, na pantoni likienda na kurudi Kigamboni. Jua la asubuhi huchomoza upande wa bahari, kwa hiyo mgeni asiyefunga pazia huamka mapema.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 hoteli kubwa ziliendeshwa na mashirika ya umma, hasa Shirika la Utalii Tanzania. Ni desturi siku hizi kusema kwamba hoteli hizo zilikufa kwa sababu ya uvivu wa watumishi wa umma. Maelezo hayo ni mepesi mno. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, mpaka na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983, na watalii waliokuwa wakiingilia Nairobi wakapungua. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 na kupanda kwa bei ya mafuta vilimaliza fedha za kigeni. Lifti ikikwama, kipuri chake kilihitaji dola, na dola zilikwenda kwanza kwenye mafuta na dawa. Meneja angeweza kuwa hodari na mwaminifu na bado akashindwa kupata koki ya bafu. Hata hivyo kosa moja lilikuwa la hapa nyumbani: mapato ya miaka mizuri hayakuwekewa fungu la ukarabati wa miaka mibaya.

Ubinafsishaji wa miaka ya 1990 ulileta wawekezaji. Kilimanjaro ilifanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa tena mwaka 2005 chini ya Kempinski, kisha mwaka 2011 ikaingia mikononi mwa Hyatt. Sasa lifti zinapanda na maji ya moto yanatoka. Bei nayo imepanda pamoja na lifti, na mwalimu wa Songea akienda Dar es Salaam huitazama hoteli hiyo kutoka kwenye pantoni.

Zanzibar ina mifano miwili iliyokwenda njia tofauti. Africa House, upande wa Shangani, ina chimbuko lake katika klabu ya Waingereza ya mwaka 1888. Baada ya Mapinduzi ya 1964 iligeuka hoteli ya serikali, ikachoka, kisha ikakarabatiwa na watu binafsi; roshani yake ya juu bado hujaa watu jioni, kwa sababu huku, tofauti na Dar es Salaam, jua huzama baharini. Bwawani, iliyofunguliwa mwaka 1974 huko Funguni, ni jengo la zege la Serikali ya Mapinduzi, lililopewa jina kutokana na bwawa lililo kando yake. Kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa hoteli kubwa ya mjini Unguja, na watu wengi waliikumbuka kwa mikutano, harusi na muziki kuliko kwa vitanda. Matete yaliota bwawani, rangi ikababuka, na wageni wakahamia hoteli za ufukwe wa mashariki na Nungwi.

Kuchakaa huko kuna sababu za kifundi ambazo mgeni yeyote anaweza kuzitambua kwa macho. Chembe za chumvi zinazorushwa na mawimbi hutua ukutani na kupenya kwenye vitundu vidogo vya zege hadi zifike kwenye nondo. Nondo ikishikwa na kutu, kutu hiyo huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, na kwa kuwa haina pa kwenda, hulipasua zege kutoka ndani. Kwanza huonekana mstari wa kahawia chini ya sakafu ya roshani. Kisha hutokea ufa ulionyooka, unaofuata nondo ilipo. Mwishowe kipande huanguka na chuma hubaki wazi. Fundi wa haraka hupiga plasta na kupaka rangi nyeupe, na mwaka unaofuata mstari wa kahawia hurudi palepale. Tiba yenyewe ni kubomoa zege mpaka nyuma ya nondo, kuisugua au kuibadilisha, kuipaka dawa na kumwaga zege jipya lililoshiba saruji. Ni kazi ya vumbi na kelele, inayofunga vyumba kwa miezi, na ndiyo maana mameneja huiahirisha.

Majengo ya mawe ya matumbawe na chokaa, kama yale ya Mji Mkongwe, yana ugonjwa mwingine. Kuta zake hufyonza unyevu na kuutoa. Zikipigwa plasta ya saruji, unyevu hunaswa ndani, chokaa hulainika na boriti huoza pale zinapoingia ukutani. Beit al Ajaib si hoteli, lakini jengo hilo la mwaka 1883 lililo mbele ya bahari liliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu, huku mji mzima ukiwa umeingia katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Kuorodheshwa hakuzibi paa linalovuja.

Ndani ya chumba, uzee hujionyesha kwa mambo madogo. Ufunguo bado umefungwa kwenye kibao kizito ili mgeni asiondoke nao. Kabati la mninga limevimba na droo moja haifunguki bila kuinuliwa kidogo. Kiyoyozi cha dirishani kinanguruma, mapezi yake ya nyuma yameliwa na chumvi, na chini yake kuna ndoo ya kukingia maji. Shuka ni safi, zimefuliwa mara nyingi hadi zimekuwa laini. Maji ya moto huja baada ya muda, kwa sababu bomba limepita ghorofa zote kabla ya kufika hapo. Hakuna kati ya hayo lenye kumdhuru mtu. Yenye kudhuru ni mengine: swichi iliyoungua pembeni, reli ya roshani inayocheza ikishikwa, ngazi ya dharura iliyofungwa kwa kufuli, harufu ya kuvu iliyojaa godoroni.

Kwa hiyo mgeni mwenye busara hukiona chumba kabla ya kulipa, na mapokezi ya hoteli nzuri hayakasiriki akiomba hivyo. Hufungua koki, huwasha kiyoyozi, hutikisa reli ya roshani. Ghorofa za juu hupata upepo zaidi, lakini lifti ikiwa ya zamani ghorofa ya pili au ya tatu ni salama kwa magoti. Wakati wa kusi, takriban Mei hadi Septemba, upepo ni wa baridi na kiyoyozi huweza kuzimwa usiku. Wakati wa kaskazi joto la Januari na Februari halivumiliki bila hicho au feni ya dari. Bei huulizwa pamoja na kodi na kifungua kinywa, kwa kuwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 upande wa Bara si ndogo kwa anayelala siku nne. Na bei ya chumba cha mbele hujadilika siku ambazo hoteli haina mkutano.

Ng'ambo ya Mto Ruvuma upo mfano wa mwisho mbaya kabisa. Grande Hotel ya Beira, Msumbiji, ilifunguliwa katikati ya miaka ya 1950 ikisifiwa kuwa miongoni mwa hoteli za fahari zaidi barani Afrika, ikiwa na bwawa kubwa la kuogelea. Ilifungwa mwaka 1963 kwa kukosa faida. Vita vya wenyewe kwa wenyewe viliijaza wakimbizi, na hadi leo maelfu ya watu wanaishi humo bila umeme rasmi wala maji ya bomba. Bahari bado inaonekana kutoka madirishani, ambayo mengi hayana vioo wala fremu.

Mkoa wa Ruvuma hauna bahari, ila una Ziwa Nyasa. Mbamba Bay iko kiasi cha kilomita 170 kutoka Songea, barabara ya lami imefika, na kwa kuwa ufuko huo unatazama magharibi, jua huzama ziwani, upande wa Malawi. Maji yake hayana chumvi, hivyo nondo zitadumu kuliko za Kivukoni. Hatari yake ni kina kinachopanda na kushuka kwa miaka, kama kilivyopanda mno mwaka 1980. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na mwekezaji anayetaka roshani juu ya mawimbi atalalamika. Halmashauri ya Wilaya ya Nyasa isimlegezee. Na kabla ya kumpa kibali, imdai pamoja na ramani ya jengo mpango wa matunzo wa miaka 20, wenye fungu lake la fedha.