Rolig: neno moja, maana mbili Skandinavia

RAIA wa Uswidi akisema kwamba jioni yake ilikuwa rolig, anamaanisha kuwa alistarehe, pengine alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Jirani yake wa Denmaki au Norwe akitamka neno hilohilo, ataeleweka kuwa jioni ilipita kwa utulivu, bila pilikapilika yoyote.

Asili ya neno hilo ni moja. Linatokana na ro, yaani utulivu, na ni jamaa ya ruhig ya Kijerumani. Watu wa Iceland, ambao lugha yao imebadilika kidogo kuliko nyingine za ukoo huo, husema rólegur wakimaanisha mtulivu. Kwa hiyo aliyehama ni Mswidi: kwake utulivu uligeuka kuwa kupendeza, kisha kufurahisha na kuchekesha. Hata hivyo maana ya kale haijafutika. Kwa Kiswidi, orolig si mtu asiyechekesha, bali ni mwenye wasiwasi. Jambo tulivu sasa huitwa lugn.

Historia inaeleza sehemu ya tofauti hizo. Uswidi ilijitoa katika muungano wa Kalmar mwaka 1523, na mwaka 1541 ikapata Biblia nzima kwa lugha yake. Norwe ilibaki chini ya Denmaki hadi 1814, ikiandika Kidenmaki. Ndiyo maana msamiati wa nchi hizo mbili hukaribiana mno.

Hukaribiana, lakini haulingani. Rar kwa Mdenmaki ni mtu mwema, ilhali nchini Norwe ni mtu wa ajabu, sifa ambayo si kila mgeni angeipokea kwa tabasamu. Grine nayo kwa Kidenmaki ni kucheka. Kwa Kinorwe ni kulia. Muuguzi kutoka Denmaki akiwaarifu wenzake wa Oslo kwamba mtoto alikuwa akifanya hivyo usiku kucha, kosa la tafsiri hapo si la mzaha hata kidogo.

Na watu hao hukutana kazini kila siku. Soko la pamoja la ajira la nchi za Nordiki lilianzishwa mwaka 1954, na daraja la Øresund kati ya Copenhagen na Malmö lilifunguliwa mwaka 2000. Aidha, mkataba wa lugha ulioanza kutumika mwaka 1987 unamwezesha raia wa nchi hizo kutumia lugha yake mbele ya mamlaka za nchi jirani. Mkataba huo, hata hivyo, hauwezi kumwambia msikilizaji ni maana ipi iliyokusudiwa.

Mfano rahisi ni mwaliko wa frokost. Nchini Norwe ni kifungua kinywa, Denmaki ni chakula cha mchana. Ni heri mwenyeji ataje na saa.