Utando Juu ya Maji: Namna ya Kupima Wembamba Usioonekana

Mto Tana unapofurika na kisha kurudi katika kingo zake, mashamba ya Wapokomo huko Wenje hubakiwa na madimbwi. Maji hayo hustawisha mpunga, lakini pia hulea viluwiluwi vya mbu. Kiluwiluwi cha mbu wa malaria hulala sambamba na uso wa maji ili kivute hewa. Utando mwembamba wa mafuta maalumu hukizuia. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya jaribio la utando wa silikoni katika mashamba ya mpunga ya Ahero, karibu na Kisumu, nao ulipunguza mbu. Swali linalozuka ni hili: utando umefika wapi, na kwa wingi gani?

Njia ya kwanza ni hesabu. Mwaka 1774 Benjamin Franklin alieleza jinsi kijiko kimoja cha mafuta kilivyotuliza takriban nusu eka ya bwawa la Clapham, London. Mililita 5 zikigawanywa kwa mita za mraba 2,000, unene haufiki sehemu 3 za milioni ya milimita. Hata hivyo, hesabu hii hudhani kwamba mafuta yametandaa sawasawa, jambo ambalo upepo haulikubali.

Njia ya pili ni kupima mvutano wa uso. Agnes Pockels, Mjerumani ambaye hakusoma chuo kikuu, alifanya hivyo nyumbani kwa chombo cha bati, na barua yake ikachapishwa katika jarida la Nature mwaka 1891. (Wanaosingizia ukosefu wa maabara na wamkumbuke.) Mvutano wa maji safi ni takriban milinyutoni 72 kwa mita, utando ukisongamana, hupungua. Kasoro ni kwamba molekuli zikiwa zimetawanyika, mithili ya watu wachache uwanjani, mvutano haubadiliki kiasi cha kupimika. Aidha, maji ya dimbwi huwa na utando wake wa asili, hivyo kipimo huanza na kosa.

Pengo hilo huzibwa na nuru. Molekuli zenye kung'aa huunganishwa na zile za utando, zikamulikwa, na kamera ikasoma mng'ao wa kila sehemu. Kwa kawaida palipo na mng'ao zaidi pana molekuli nyingi zaidi. Ila zikibanana mno huzimana, na giza likaweza kumaanisha uchache au msongamano. Kwa hiyo mpimaji hutandaza kwanza viwango anavyovijua, akarekodi mng'ao wa kila kimoja, ndipo asome utando unaosafiri.

Mkulima wa Wenje hana kamera hiyo. Anaweza kunyunyiza unga laini juu ya dimbwi: utando huusukuma mbele yake, na ukingo ukaonekana. Wingi hauonekani.