Sheria ya mazingira: Si lazima uumie ndipo ushtaki

MWISHONI mwa mwaka wa 1989, marehemu Prof Wangari Maathai alienda katika Mahakama Kuu ya Nairobi kuomba ujenzi wa jumba la orofa 60 katika Bustani ya Uhuru usimamishwe.

Mahakama haikutaka kujua iwapo jumba hilo lingeharibu bustani. Iliitupilia mbali kesi kwa kuwa mlalamishi hakuonyesha hasara iliyompata yeye binafsi.

Mradi huo uliachwa baadaye, lakini ni kutokana na malalamiko ya umma na wafadhili kujiondoa, wala si kwa nguvu za sheria.

Swali lililobaki lilikuwa moja: je, ni nani aliye na haki ya kuutetea mto, msitu au hewa isiyo mali ya mtu yeyote?

Jibu lilianza kupatikana katika Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999. Sheria hiyo ilitamka kwamba kila mtu nchini ana haki ya kuishi katika mazingira safi, na kwamba anaweza kwenda mahakamani kuitetea haki hiyo hata kama yeye mwenyewe hajadhurika. Sheria hiyo hiyo ndiyo iliyounda mamlaka ya NEMA.

Katiba ya 2010 iliitia nguvu zaidi haki hiyo. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye kufaa afya, nacho cha 70 kinasema wazi kwamba mlalamishi halazimiki kuthibitisha kuwa kuna aliyepata hasara au kuumia. Mwaka wa 2011 ikaundwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Sheria hizi zimejengwa juu ya nguzo tatu kuu. Ya kwanza ni tahadhari: penye hatari kubwa, serikali haipaswi kungoja hadi madhara yathibitishwe kikamilifu ndipo ichukue hatua. Ya pili ni kuushirikisha umma kabla ya uamuzi kufanywa. Ya tatu ni kwamba anayechafua ndiye anayegharamia usafishaji na fidia.

Nguzo mbili za kwanza hutekelezwa kupitia tathmini ya athari za mradi kwa mazingira. Kiwanda, bwawa au machimbo makubwa hayapaswi kuanza kabla ya tathmini hiyo kufanywa na NEMA kutoa leseni. Asiyeridhika na leseni anaweza kukata rufaa kwa Baraza la Kitaifa la Mazingira ndani ya siku 60.

Wakazi wa Lamu waliitumia njia hiyo kupinga mradi wa umeme wa makaa ya mawe. Mnamo Juni 2019, baraza hilo lilifuta leseni ya mradi, likisema umma haukushirikishwa ipasavyo. Kiwanda kilizuiwa kabla ya moshi wake wa kwanza kupaa.

Hali ilikuwa tofauti katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi humo kuanzia 2007 hadi 2014, na wakazi wakapata sumu ya madini ya risasi mwilini.

Mnamo 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliagiza walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Mahakama ya Rufaa iliuondoa uamuzi wa fidia hiyo 2023, kabla ya Mahakama ya Juu kuurejesha Desemba 2024. Miongoni mwa waliopatikana kuwajibika ni asasi za serikali zilizopaswa kuwalinda wakazi hao.

Ushindi huo ni mkubwa, lakini fidia haiwezi kuitoa sumu katika damu ya mtoto. Waliowahi walizuia madhara. Waliochelewa walipewa haki ya fidia baada ya kuumia.

Kwa hivyo, mwananchi aonapo tangazo la tathmini ya mradi karibu na kwake, asilipuuze. Aisome ripoti, ahudhurie kikao na awasilishe pingamizi lake kwa maandishi. Tofauti na ilivyokuwa 1989, hakuna tena wa kumwambia kwamba mto si wake.