Divai ya zabibu kavu na damu ya mzazi

Msomaji wetu mmoja wa Dongobesh ametuandikia. Mke wake amejifungua majuma mawili yaliyopita, na kule zahanati wamemwambia damu yake ni pungufu. Ndugu yao aliyerudi kutoka masomoni Italia amewaletea chupa ya divai nyekundu, iliyokoza karibu kuwa nyeusi, iliyotengenezwa kwa zabibu zilizokaushwa. Majirani wanashauri mzazi anywe kikombe asubuhi na kikombe jioni ili damu irudi upesi. Baba huyu anauliza: je, ni kweli?

Tunamshukuru kwa kuuliza kabla ya kuifungua chupa. Jibu letu ni hapana, naye asimpe. Sababu tunaieleza kwa kirefu, kwa kuwa ushauri huo tunausikia pia Katesh na Mbulu mjini.

Divai hiyo huitwa Amarone. Hutoka katika vilima vya Valpolicella, karibu na mji wa Verona, kaskazini mwa Italia. Mwezi wa Septemba na Oktoba huchumwa vichala vizima visivyo na doa, vikatandazwa juu ya vichanja vya mianzi au katika visanduku, ndani ya dari lenye madirisha ya kupitisha upepo. Haianikwi juani kama sisi tunavyoanika majani ya kunde. Hukaa kivulini miezi mitatu au minne, na kila mara mtu hupita kuzitoa zilizoota ukungu. (Ukungu si jambo la mchezo hata kwetu: mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu.)

Kufikia Januari zabibu zimepoteza theluthi ya uzito wake au zaidi. Kilichotoka ni maji, sukari imebaki. Zikisha kupondwa, hamira huila sukari ile na kuigeuza alkoholi. Sukari ikiwa nyingi, alkoholi nayo huwa nyingi. Wanaojua kupika pombe ya asali hawahitaji kuelezwa zaidi. Kisha divai hutunzwa muda usiopungua miaka miwili kabla ya kuuzwa. Jina lake latokana na neno la Kitaliano lenye maana ya uchungu, kwa sababu sukari karibu yote imekwisha. Ipo pia nduguye iliyo tamu, iitwayo Recioto.

Kazi hii hurithishwa katika familia. Ukoo wa Boscaini, wenye kiwanda cha Masi, wanalima zabibu huko tangu mwaka 1772. Ukoo wa Serego Alighieri, wazao wa mshairi Dante, wana shamba ambalo mwana wa mshairi huyo alilinunua mwaka 1353! Basi hatuidharau divai yao. Tunahesabu tu kilichomo chupani.

Divai ya kawaida ina alkoholi kama asilimia 12 au 13. Amarone haipungui 14, na nyingi hufika 15 au 16. Chupa moja ya mililita 750 yenye asilimia 15 ina alkoholi sawa na bia nne na nusu za nusu lita. Vikombe viwili vya chai, vya mililita 200 kila kimoja, vinazidi bia mbili. Huyo mama ananyonyesha, na alkoholi iliyomo katika damu yake huingia katika maziwa kwa kiasi karibu kilekile. Tena huzuia maziwa kushuka vizuri. Kwa mjamzito ni vibaya zaidi, kwa maana alkoholi hupita katika kondo la nyuma na yaweza kuharibu ubongo wa mtoto tumboni.

Na ile damu? Wekundu wa divai hutoka katika maganda ya zabibu. Ukikamua zabibu nyekundu na kuondoa maganda upesi, maji yake huwa meupe. Wekundu wa damu ni jambo jingine, unahitaji madini ya chuma. Glasi ya divai kwa kawaida haina hata miligramu moja ya chuma, wakati kidonge cha kliniki kina kama miligramu 60. Isitoshe, ule ukakasi wa divai nyekundu unaokaza ulimi huzuia chuma kisifyonzwe, kama ufanyavyo ukakasi wa chai. Joto analolisikia mtu baada ya kunywa, na uso kung'aa, ni mishipa ya ngozi iliyotanuka. Damu haijaongezeka hata tone.

Hayo yote ni kweli pia kwa divai nyekundu tamu ya Dodoma, ambayo huku kwetu ndiyo hupewa wazazi zaidi. Mizabibu ya Dodoma ililetwa na wamisionari Wakatoliki, na huvunwa mara mbili kwa mwaka. Tangu barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati ilipozinduliwa mwaka 2018, chupa hufika kwa basi siku hiyohiyo. Utamu wake huwafanya watu waidhani ni sharubati. Someni asilimia iliyoandikwa kwenye chupa.

Mama wa Dongobesh ameze vidonge alivyopewa, kila siku, kwa maji au kwa maji ya limau, wala si kwa chai au maziwa. Chai angoje saa moja au mbili. Ale maini, nyama au dagaa inapowezekana, pamoja na maharage na mchicha. Choo kikiwa cheusi asiogope wala asiache vidonge. Lakini moyo ukienda mbio, akiishiwa pumzi kwa kazi ndogo, au damu ikiendelea kutoka nyingi, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Chupa nayo ilazwe mahali penye giza na ubaridi, haitaharibika. Siku ya ubatizo wa mtoto, wazee watagawana kidogo kidogo.