Lipia Kuosha Chini, Bodi Jioshee Mwenyewe

Ukiingia Songea na kipanya ulichotoa viti ukaweka godoro, au gari la juu lenye hema kwenye paa, waosha magari watakupungia mkono hujazima hata injini. Gari limejaa vumbi jekundu la barabara za vijijini, na hela iliyobaki ni ya mafuta na chakula. Usikubali kila unachotajiwa. Angalia kwanza umetokea wapi, maana uchafu haulingani.

Kama umetoka Mtwara au Lindi kupitia Masasi na Tunduru, na gari lililala karibu na bahari, chini kuna chumvi. Hiyo inakula chuma kimya kimya, na fundi wa kuchomelea ni ghali kuliko mwosha magari. Hapa lipia kuoshwa chini kwa mashine ya presha, bila kusita. Kama umetoka Mbamba Bay, mambo ni mengine: maji ya Ziwa Nyasa hayana chumvi, na mchanga wa ufukweni unatoka kwa maji ya kawaida. Aliyeteremka na lami kutoka Njombe hana haja ya zaidi ya kusafisha vioo.

Kwa gari la ukubwa wa kipanya, piga hesabu ya shilingi 10,000 hivi kwa kuoshwa nje na ndani, kisha uliza bei hiyo inaishia wapi. Mara nyingi kuosha chini ni bei ya peke yake, injini peke yake, kung'arisha tairi peke yake. Umeme ukikatika, utaambiwa uchangie petroli ya jenereta. Taja unachotaka, kubaliana bei yote, halafu ndipo utoe funguo. Kijana akifanya kazi nzuri, buku moja la soda si vibaya, ila litoke kwa hiari yako.

Injini kataa. Maji ya presha yakiingia kwenye soketi za umeme, hutajua mpaka gari ligome kuwaka, pengine uko katikati ya Namtumbo na Tunduru. Kataa pia kupuliziwa dizeli chini ili pang'ae. Inadhuru mipira, na vumbi la kesho litanata vizuri zaidi.

Bodi jioshee. Unahitaji ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa. Sabuni ya unga iache kwa nguo, kwani inaondoa nta inayolinda rangi. Sabuni ya maji ya kupima ni rahisi, lakini hujui ukali wake. Chupa ndogo ya shampoo ya gari inadumu, kwa sababu kifuniko kimoja au viwili vinatosha ndoo nzima. Vitambaa vya maikrofaiba ni vizuri, ila fulana ya mtumba ya pamba inafanya kazi hiyo hiyo kwa hela ndogo. Kata vifungo kwanza.

Lowesha vumbi kabla ya kugusa. Anayefuta gari kavu anakwaruza rangi kwa mchanga, na kupaka rangi upya si hela ya safari.

Kwa kulowesha, Songea ina kifaa kinachopatikana kila duka la pembejeo: bomba la mgongoni la lita 16, lile la kupulizia dawa shambani. Weka kando shilingi 50,000 hivi. Halina nguvu ya kung'oa tope lililokauka, lakini linatumia maji kidogo na halihitaji umeme. Hela yake inarudi ukiruka kuoshewa mara tano. Kama unapita siku mbili tu, usinunue. Kopo la kumwagia maji linatosha. Wala usiazime la mkulima, maana mabaki ya dawa ya magugu hayafai mikononi mwako wala kwa watoto wanaoegemea gari.

Mtoni pia ni bure, utaambiwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa ziwa, na Mto Ruvuma unaanzia hapo hapo milima ya Matogoro. Chukua dumu la maji, oshea mbali.

Maji yakiwa machache, anza na kioo cha mbele, taa na namba za gari. Namba isiyosomeka inampa trafiki sababu ya kukusimamisha. Kisha mwagia rejeta taratibu kutoa wadudu na vumbi, injini ikiwa imepoa. Milango inaweza kusubiri mpaka nyumbani. Nta na polishi navyo visubiri. Kuvipaka leo na kesho kurudi kwenye vumbi ni kutupa hela.

Ukiamua kununua bomba, mwambie muuzaji alijaze maji na kulipampu hapo hapo dukani. Kifuniko kikivuja, chukua jingine.