Ndoa ya pasipoti mbili

Kamati ya harusi ikishakaa, daftari linafunguliwa: ukumbi, mapambo, MC, video, keki, ndafu, gari la maharusi. Kila kitu kina bei yake, na kila bei ina mjumbe wa kuifuatilia. Bibi harusi akiwa wa Moshi na bwana harusi wa Minnesota, kuna kifungu ambacho sijawahi kukiona kwenye bajeti hiyo: viza na kodi. Nacho ndicho kitakachoamua kama wawili hao watakuwa nchi moja mwezi mmoja baada ya ndafu kuliwa.

Kwa afisa uhamiaji wa karibu nchi yoyote, cheti cha ndoa si ruhusa ya kuishi. Kinakupa tu haki ya kuanza kuomba. Wachumba wengi huanza kwa kuulizana ndoa ifungwe wapi, na wazee wa pande zote mbili huongeza moto. Ningewasihi waanze na swali jingine: miaka mitatu ya kwanza tutaishi wapi, na nani kati yetu atakuwa mgeni huko? Hilo likishajibiwa, mahali pa kufungia na hata tarehe ya kufunga hupatikana kwa urahisi.

Kufunga ndoa Tanzania kwenyewe hakuna ugumu mkubwa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa itolewe angalau siku 21 kabla, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Kenya nayo, kwa Sheria ya Ndoa ya 2014, inadai siku 21 hizo hizo. Mgeni huombwa ushahidi kwamba hana ndoa nyingine kwao. Marekani haina daftari moja la ndoa la taifa zima, kwa hiyo Mmarekani huapa mwenyewe. Kuna nchi nyingine ambako karatasi hiyo hutolewa na msajili wa huko baada ya tangazo la wiki kadhaa. Anayetua uwanja wa Julius Nyerere Jumatatu akitaka kuoa Jumamosi amechelewa.

Ugumu huja kwenye majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaisha, pasipoti inasema Mwanaasha, kitambulisho cha NIDA kimegawanya jina mara mbili, Mwana Isha, na jina la babu limo kwenye karatasi mbili kati ya tatu. Hapa nyumbani tunaelewana, maana kila mtu anajua ni binti wa nani. Karani wa viza wa Sheffield au New Hampshire anaona wanawake watatu tofauti. Majina yasawazishwe kabla cheti cha ndoa hakijaandikwa, kwa kiapo mbele ya wakili na, inapobidi, kwa kubadili nyaraka zenyewe. Baada ya hapo kosa moja huwa limenakiliwa hadi kwenye cheti, na kulirekebisha ni kazi ya miezi.

Liangalieni pia eneo la cheti linalotaja aina ya ndoa. Kwa sheria ya Tanzania Bara, ndoa ya Kiislamu au ya kimila huchukuliwa kuwa ni ya wake wengi, au inayoweza kuwa hivyo, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Marekani humkataa mhamiaji anayekwenda kuishi ndoa ya mitala, na fomu zao huuliza. Mume mwenye mke mmoja tu, na asiyekusudia wa pili, awe tayari kulieleza hilo kwa maandishi.

Tuseme basi wawili wetu wameamua kubaki Dar es Salaam. Hapa kuna jambo linaloniuma. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya 1995 inampa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania njia ya kuomba uraia kwa sababu ya ndoa yake. Mwanamume wa kigeni aliyemwoa Mtanzania hana njia hiyo. Yeye apite mlango wa wageni wote: awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka kumi iliyotangulia awe na jumla ya miaka saba ya ukaazi. Dada yetu wa Moshi anabaki kuwa mke wa mgeni katika nchi aliyozaliwa. Mumewe ataishi kwa kibali cha ukaazi kinachotokana na kazi yake au uwekezaji wake, au kwa pasi ya mtegemezi. Pasi hiyo haimpi ruhusa ya kuajiriwa. Kazi inahitaji kibali chake, kwa sheria ya 2015 ya ajira za wageni. Ng'ambo ya mpaka, Katiba ya Kenya ya 2010 haibagui: aliyeoana na raia wa Kenya kwa angalau miaka saba, awe mume au mke, ana haki ya kusajiliwa kuwa raia akiomba. Sioni sababu ya binti wa Namanga upande huu kuwa na haki pungufu kuliko jirani yake wa upande ule.

Sasa kodi. Mgeni anayekaa Tanzania siku 183 au zaidi katika mwaka huhesabiwa kuwa mkaazi kwa kodi. Mkaazi hutozwa kwa mapato yake ya dunia nzima, ila sheria inampa nafasi ya kuvuta pumzi: ambaye jumla ya ukaazi wake nchini maisha yake yote haijazidi miaka miwili hutozwa kwa mapato ya hapa tu. Wengi hawajui kwamba nafasi hiyo ina mwisho. Mwaka wa tatu unafika, nyumba aliyoiacha kwao bado imepangishwa, kodi ya pango inaingia benki ya kwao, naye hajawahi kuitaja kwa mamlaka ya mapato, TRA.

Kwa Mmarekani mambo ni mazito zaidi, kwa sababu nchi yake humtoza kodi kwa uraia, popote alipo. Na Marekani haina mkataba wa kuepusha kodi mara mbili na Tanzania, wala na Kenya. Kinachomwokoa ni sheria za kwao wenyewe: anaweza kupunguziwa kodi ya Marekani kwa kiasi alicholipa huku, au kusamehewa kodi ya mshahara alioupata ng'ambo hadi kiwango fulani, ambacho kwa mwaka 2025 kilikuwa dola 130,000. Kwa kuwa kiwango cha juu cha kodi ya mapato ya mtu binafsi Tanzania ni asilimia 30, mara nyingi mwajiriwa habaki na deni la mshahara kwao. Lakini fomu lazima ajaze. Asiyejaza hapati nafuu.

Hapa ndipo tarehe ya harusi inapoingia. Idara ya kodi ya Marekani hutazama hali yako ya ndoa tarehe 31 Desemba, na hali ya siku hiyo ndiyo ya mwaka mzima. Ukioa Desemba 28, kwao umekuwa na mke tangu Januari. Mke asiye raia wala mkaazi wa Marekani asipojumuishwa, mume kwa kawaida hujaza kama mwenye ndoa anayejaza peke yake, na kundi hilo hunyimwa nafuu kadhaa, mojawapo ile ya riba ya mkopo wa masomo. Na kiwango cha mapato kinachomlazimu mtu wa kundi hilo kujaza fomu ni dola 5. Tano, si elfu tano. Harusi ya wiki ya Krismasi ni nzuri kwa sababu ndugu wote wako likizo; ikisogezwa hadi wiki ya kwanza ya Januari, ndugu wengi bado wapo, na bwana harusi ameokoa mwaka mzima wa kodi.

Kuna njia ya pili: wawili kutia saini tamko kwamba mke ahesabiwe kama mkaazi wa Marekani kwa ajili ya kodi, kisha wajaze pamoja. Makato ya kawaida huongezeka maradufu. Kwa mwaka 2024 yalikuwa dola 29,200 badala ya 14,600. Kwa mke asiye na kipato kikubwa hiyo ni nafuu ya kweli. Lakini kuanzia hapo mapato yake yote, mshahara wa Dar, pango la vyumba vya Tabata, gawio la ushirika, yanaingia kwenye fomu ya Washington. Na tamko hilo likishafutwa, wawili hao hawaruhusiwi tena kulitoa, hata ndoa ikidumu miaka hamsini. Si la kutiwa saini mezani usiku wa kuamkia siku ya mwisho.

Akaunti za benki nazo. Mmarekani ambaye jumla ya fedha kwenye akaunti zake za nje imevuka dola 10,000 wakati wowote katika mwaka anapaswa kuziripoti kwa wizara ya fedha ya kwao, na akaunti ambayo yeye ni mtia saini tu inahesabiwa. Wanandoa wapya hupenda kuungana: jina la mume linaongezwa kwenye akaunti ya mke, au mume anafanywa mmoja wa watia saini wa kikundi cha kina mama cha kuweka na kukopa, kwa kuwa anaaminika. Papo hapo akiba ya kina mama ishirini imekuwa jambo la kuripotiwa Marekani. Faini za kutoripoti ni kali hata pale ambapo hakuna kodi iliyokwepwa. Mke abaki na akaunti yake kwa jina lake peke yake, na wala hilo lisitafsiriwe kuwa ni kutoaminiana.

Uingereza haifuati raia wake kwa kodi namna hiyo, ila mlangoni ni wagumu. Tangu Aprili 11, 2024, anayetaka kumleta mwenzi wake lazima aonyeshe kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka; kabla ya hapo, tangu 2012, kilikuwa 18,600. Mshahara unaotazamwa ni wa Mwingereza. Mhasibu wa Nairobi anayelipwa vizuri kuliko mumewe hawezi kuutumia mshahara wake wa Nairobi, kwa sababu kazi hiyo anaiacha. Kama wote wanaishi Kenya, mume aonyeshe kwamba anapata kiasi hicho huku na pia kwamba ana kazi inayomsubiri Uingereza. Njia mbadala ni akiba: pauni 88,500 zilizokaa miezi sita. Ongeza ada ya huduma ya afya, pauni 1,035 kwa mwaka, inayolipwa yote mapema. Kwa viza ya miezi 33 ni pauni 3,105 kabla mtu hajapanda ndege. Sheria inayopima ndoa kwa mshahara inawatenganisha watoto na mzazi mmoja, na walioiandika wanalijua hilo.

Akifika, mgeni ambaye hakuwa mkaazi wa Uingereza kwa miaka kumi anaweza, tangu Aprili 6, 2025, kuomba mapato yake ya nje yasitozwe kwa miaka minne ya kwanza. Linavutia, lakini anayeomba hupoteza kiwango cha mapato kisichotozwa, yaani pauni 12,570, kwa mwaka huo. Muuguzi wa Leicester mwenye vyumba viwili vya kupangisha Tabata atapoteza zaidi ya atakachookoa. Afadhali ataje pango hilo na aombe kupunguziwa kwa kodi aliyokwisha kulipa TRA. Mwenye maghorofa Kariakoo ndiye atakayefaidi.

Kwenye Ghuba hesabu ni nyingine. Falme za Kiarabu hazitozi kodi ya mshahara, na tangu Februari 2023 wasio Waislamu wana sheria ya shirikisho inayowaruhusu kufunga ndoa ya kiserikali huko huko. Anayetaka kumleta mwenzi anahitaji mshahara wa dirhamu 4,000, au 3,000 pamoja na nyumba ya mwajiri, na cheti chenye mihuri ya Mambo ya Nje. Ubaya wake ni kwamba familia nzima inaning'inia kwenye ajira ya mtu mmoja: kazi ikiisha, viza ya mke nayo imeisha. Oman, ambayo Zanzibar na Mombasa zimeoana nayo kwa karne nyingi, ilifuta mwaka 2023 sharti la Muomani kuomba kibali cha serikali kabla ya kuoana na mgeni. Familia ngapi ziliishi kwa kujificha kwa ajili ya sharti lile! Na Oman imetangaza kodi ya mapato ya watu binafsi kuanzia 2028, asilimia 5 kwa kinachozidi riali 42,000 kwa mwaka.

Jambo la mwisho ni uraia wenyewe. Mkenya aliyeoana na mgeni anaweza kuchukua pasipoti ya pili na kubaki Mkenya. Mtanzania mtu mzima anayeomba na kupata uraia wa nchi nyingine anaupoteza wa Tanzania, na asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Mwaka 2025 sheria za uhamiaji na za ardhi zilirekebishwa kuweka hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania, hatua ninayoipongeza, ingawa hadhi hiyo si uraia na mwenye nayo hapigi kura. Anayejiandaa kula kiapo Birmingham au Houston apite kwanza kwa wakili wa ardhi wa hapa, akiwa na hati ya kiwanja mkononi, ajue tangu mapema kiwanja cha Kigamboni kitasomeka kwa jina la nani asubuhi inayofuata.